Mvua ikianza tu king'amuzi kinakata: tatizo ni mvua, dishi au waya?

Kipupwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaita fundi.

Niko Dar. Dishi ni la sentimita 60, limefungwa kwenye bomba la ukutani. Waya kutoka juu hadi sebuleni ni kama mita 25 na katikati una kiungo. Jua likiwaka mambo yote sawa. Mvua ikianza, hata ile ya kawaida, picha inakuwa vipande vipande kisha inakuja meseji ya kukosa mawimbi. Kuna siku mvua ikikatika picha inarudi hapo hapo. Kuna siku hairudi mpaka kesho yake jua likishapanda. Na kuna siku nusu ya chaneli zipo, nusu hazipo.

Masika ni Machi mpaka Mei, Bunge la bajeti linaanza Aprili, na ligi nayo inakuwa inaelekea ukingoni. Vyote vinakutana hapo. Humu ndani mmoja anataka tamthilia, mwingine mpira, mimi nataka taarifa ya habari ya saa 2 usiku na vikao vya Dodoma. Je, ninunue dishi kubwa? Nibadilishe LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi)? Au nirudi kwenye antena?

---

FundiUngo

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Umetaja dalili tatu na kila moja ina chanzo chake. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana: angalia saa mvua inapokatika, uone picha inachukua muda gani kurudi.

Ikirudi ndani ya dakika chache, hiyo ni mvua yenyewe angani. Dishi dogo linapokea mawimbi ya bendi ya Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, urefu wa wimbi kama sentimita 2.5. Matone makubwa ya mvua ya radi yanafika milimita 5 na zaidi, na kwa wimbi fupi kiasi hicho tone la namna hiyo linameza na kutawanya sehemu kubwa ya nguvu. Huku kwetu mvua huanzia juu sana, kilomita 4 hadi 5, kwa hiyo wimbi linapita kwenye maji safari ndefu kabla ya kukufikia. Ndiyo maana mara nyingine picha inakata kabla tone halijagusa bati lako: wingu limeshaingia kwenye mstari kati ya dishi na setilaiti.

Isiporudi mpaka jua lipige, maji yameingia mahali. Mshukiwa wa kwanza ni hicho kiungo chako cha katikati, wa pili ni konekta ya kwenye LNB, wa tatu ni kifuniko cha plastiki mdomoni mwa LNB. Jua la Dar linakikausha mpaka kinapasuka nyufa nyembamba ambazo ukiwa chini huzioni. Panda, kishike, kikunje kidogo kwa kidole. Kikitoa mlio mkavu, tafuta LNB nyingine, usihangaike kukiziba kwa gundi.

Isiporudi kabisa, upepo umesogeza dishi au bomba limezunguka.

Sasa hiyo ya nusu chaneli. King'amuzi kinapandisha umeme kwenye LNB kupitia waya huo huo: volti 13 kwa chaneli za wima, volti 18 kwa za mlalo. Konekta ikipata kutu au kiungo kikiwa na maji, volti 18 zinaondoka chini lakini juu zinafika pungufu. LNB inadhani umeomba za wima, basi kundi zima la mlalo linapotea. Ukiona chaneli zinapotea kwa makundi na si moja moja, acha kutazama mawinguni, tazama waya.

Kwa maelezo yako una mambo mawili kwa pamoja, maji kwenye waya na dishi lisilolenga katikati. Mvua ya kawaida haipaswi kukata picha. Dishi lililolengwa vizuri linavumilia manyunyu na mvua ya wastani, linasalimu amri kwenye yale mafuriko ya dakika 10 au 20 tu.

---

BintiPwani

Naongezea kuhusu konekta ya LNB, maana wengi wanafuata picha za kwenye boksi ambazo zimechorwa kwa ajili ya Ulaya. Kule tundu la kebo linatazama chini, maji yanadondoka yenyewe. Ukiwa Dar ukalenga setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki (yaani iliyo juu ya ikweta kwenye longitudo hiyo), ambayo ndiyo wanayoitumia Azam, LNB inazungushwa karibu nyuzi 77, yaani tundu linalala ubavuni. Maji yanayoteremka na waya yanaingia moja kwa moja ndani ya konekta.

Dawa yake ni kitanzi. Waya ukitoka kwenye LNB, uuachie ushuke chini ya usawa wa konekta kama sentimita 15, ndipo upande tena kwenye mkono wa dishi. Maji yatadondokea pale chini. Fanya hivyo hivyo nje ya tundu la ukuta unakoingilia sebuleni, la sivyo waya utakuwa mfereji wa kuleta maji mpaka nyuma ya televisheni.

Na ile soksi ya plastiki inayokuja na LNB isitupwe! Mafundi wengi wanaiacha chini kwa sababu inachelewesha kazi.

---

Mtaa wa Saba

Acheni kumchanganya. Nunua dishi la sentimita 90 na LNB ya 0.1 (kipimo cha kelele zake), tatizo kwisha.

---

FundiUngo

@Mtaa wa Saba, haliishi. Eneo la dishi la 90 ni mara 2.25 ya la 60, faida yake ni desibeli 3.5 (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi). Mvua kubwa ya radi inakula desibeli 10 na zaidi. Dishi kubwa litakuokoa kwenye mvua ya katikati, na kwenye mvua kubwa litakuchelewesha kukata na kukuwahisha kurudi. Ni faida ya kweli, lakini si muujiza. Hiyo 0.1 iliyoandikwa kwenye LNB ni tangazo la biashara, usilipie zaidi kwa ajili yake.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii. Kadiri dishi linavyokuwa kubwa ndivyo jicho lake linavyokuwa jembamba. La 60 linaona upana wa karibu nyuzi 3, la 90 chini kidogo ya nyuzi 2. Ukilikosesha la 90 kwa nyuzi 1 tu, unapoteza desibeli kama 3, yaani karibu faida yote uliyoilipia. Na nyuzi 1 ni kidogo sana: ukingo wa dishi kusogea milimita 8.

Kwa hiyo mkuu Kipupwe, lenga hilo hilo ulilonalo kwanza. Fanya siku ya jua, si siku ya mvua.

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya kuangalia mawimbi. Kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu unaweza kujaa hata dishi likitazama setilaiti nyingine au hewa tupu, kwa sababu LNB yenyewe ina kelele zake. Fuata wa ubora tu.

Kwa Dar, setilaiti ya nyuzi 7 iko kwenye nyuzi 280 za dira, yaani magharibi ukiegemea kaskazini kidogo, na juu nyuzi 52 hivi. Ile ya nyuzi 36 wanayotumia DStv huku kwetu iko kwenye 334, juu nyuzi 81, karibu utosini. (Walio Nairobi: ya nyuzi 7 ni dira 272, juu 55.) Usishangae dishi likionekana linatazama chini kuliko hapo. Haya madishi madogo ni ya ofseti, yanaona juu ya pale yanapoelekea kwa zaidi ya nyuzi 20. Soma vipimo vilivyochorwa kwenye kishikio cha nyuma, usikadirie kwa macho.

Kabla ya yote hakikisha bomba limesimama wima, kwa timazi au programu ya simu. Bomba likilala, kila ukizungusha dishi kushoto na kulia, na urefu nao unabadilika, utahangaika mchana kutwa.

Legeza nati kiasi dishi lisogee kwa kulisukuma, lisianguke lenyewe. Sogeza ukingo nusu sentimita, ngoja sekunde 5, maana king'amuzi kinachelewa kuonyesha, kisha sogeza tena. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanazungusha dishi mfululizo kama usukani, ubora unapanda na kushuka wao wameshapita. Ukifika juu kabisa usifunge. Endelea mpaka ubora uanze kushuka, weka alama kwa kalamu kwenye bomba. Rudi upande wa pili mpaka ushuke kiasi kile kile, weka alama. Kati ya alama mbili ndiyo shabaha. Fanya hivyo kwa kushoto na kulia, kisha kwa juu na chini, kisha zungusha LNB yenyewe taratibu kwenye kishikio chake. Funga nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, huku mtu akikusomea ubora kwa simu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, dishi linavutwa upande.

Usitafute asilimia fulani. Kila king'amuzi kinahesabu kivyake, 70 ya kimoja si 70 ya kingine. Andika tu namba uliyoiacha siku ya jua, ndiyo utakayolinganisha nayo baadaye.

---

Mtaa wa Saba

Hapo kwenye milimita 8 nimenyoosha mikono 😄

---

Msikilizaji

Naomba tutenganishe mahitaji, maana mleta mada ametaja tamthilia, mpira, habari na Bunge kana kwamba vyote lazima vipite kwenye dishi.

Habari na Bunge havihitaji dishi. Tangu analojia ilipozimwa Dar usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, chaneli za ndani zinarushwa kidijitali kutoka minarani, kwenye UHF. Wimbi la UHF lina urefu wa nusu mita hivi, tone la mvua halilifanyi kitu. Antena ya nje yenye king'amuzi cha DVB-T2 (cha antena, si cha dishi) itakupa taarifa ya saa 2 hata mvua ikiwa inatwanga bati mpaka hamsikilizani.

Namna ya kuifunga: ipandishe juu ya bati, vijiti vyake vilale mlalo, uielekeze zilikoelekea antena za majirani. Ikiwa na busta (kikuza mawimbi), ingia kwenye menyu uwashe umeme wa antena, volti 5, la sivyo busta itageuka kizuizi. Adui yake si mvua bali mti. Majani ya mwembe yaliyolowa, yakicheza na upepo mbele ya antena, yanakata picha vizuri sana. Mlingoti mrefu usio na waya za kuushikilia nao unayumba na picha inayumba nao.

Kwa vikao vya Bunge, jipange. Saa 3 asubuhi kikao kinaanza, Alhamisi kuna maswali ya papo kwa hapo kwa Waziri Mkuu. Bajeti ya Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo huanza mwezi Aprili, kisha wizara moja moja. Hizo ndizo zinaangukia masika. Hotuba kuu ya Waziri wa Fedha ni katikati ya Juni, wakati huo pwani imeshakauka na kusi inavuma. Ajabu ni kwamba watu wanatengeneza dishi kwa ajili ya siku hiyo ya Juni, wakati hoja nzito za maji na barabara zimepita Mei wakiwa na kioo cheusi.

Na si kila kioo cheusi ni mawingu. Januari 2016 ilitangazwa kwamba TBC, televisheni ya taifa, itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama. Agosti 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi kwa sababu ya masharti ya leseni. Nyakati hizo watu walipanda mapaa kuzungusha madishi mazima kabisa. Ikikosekana chaneli moja, na jirani wa king'amuzi kile kile naye haioni, teremka kwenye ngazi. Hilo liko kwenye makaratasi.

---

Kaskazi

Nyongeza fupi ya watu wa mpira. Usitegemee simu kuwa mbadala kamili. Minara mingi ya simu inaunganishwa kwa mawimbi mafupi kuliko hata ya dishi, kwa hiyo mvua ile ile inayoua king'amuzi inaweza kupunguza kasi ya intaneti mtaa mzima. Picha ya ubora wa kawaida inakula karibu MB 700 kwa saa, dakika 90 na mapumziko ni kama GB 1.3. Na matangazo ya mtandaoni yanachelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi. Wenye redio watashangilia goli wewe bado unatazama mpira wa kurusha. Redio ya FM ya betri ndiyo ya mwisho kukata, mvua haiigusi na umeme ukikatika inaendelea.

Jingine: mwezi Machi baada ya tarehe 20, na Septemba siku chache kabla na baada ya tarehe 20, wenye dishi la nyuzi 7 hapa Dar wanaweza kuona picha inasumbua dakika chache karibu na saa 9 alasiri, siku kadhaa mfululizo, mbingu ikiwa nyeupe kabisa. Hapo jua linakuwa limesimama nyuma ya setilaiti na kelele zake zinaingia kwenye dishi. Hakuna cha kutengeneza. Usiguse nati.

---

BintiPwani

Na zile taarifa za siku 5 za Mamlaka ya Hali ya Hewa mzisome kwa rangi zake. Manjano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Muhimu kwa dishi ni kuangalia kilichoandikwa: mvua kubwa au upepo mkali. Ya mvua utakata na kurudi. Ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa ndiyo ya kupanda juu mapema ukakaze nati na uone kama bomba halichezi ukutani. Kimbunga Hidaya kilipokuja karibu na Mafia, Mei 2024, ilikuwa habari ya upepo pamoja na mvua, na dishi ni tanga lisilo na nahodha.

Wenye madishi ya nyuzi 36 wasisahau kwamba dishi lao limelala karibu chali. Majani, vumbi na zawadi za kunguru hukaa humo. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Msitumie brashi ya chuma, inachubua rangi na kutu inaanza.

---

Kipupwe

Asanteni sana wakuu. Leo nimetikisa kile kiungo cha katikati huku king'amuzi kiko kwenye ukurasa wa mawimbi: ubora unashuka mpaka sifuri halafu unarudi. Kiungo kimefungwa kwa tepu ya umeme tu. Niweke konekta mpya mbili na kile kipande cha kuunganisha, au nibadilishe waya wote?

---

FundiUngo

Badilisha wote. Maji yakishaingia kwenye waya yanatembea ndani ya ule wavu wa chini ya ganda, utakata mita 1 na bado kuna kijani mbele. Mita 25 za RG6 (aina ya waya wa dishi) bila kiungo ni sawa kabisa, hata 30.

Dukani omba kukatiwa mbele yako, uone msumari wa kati. Ukiwa na sumaku ndogo, jaribu: ukishikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa shaba. Utafanya kazi, ila kwa waya mrefu umeme wa LNB unapungua zaidi kuliko kwenye shaba tupu, na ukichubuka unaota kutu.

Zima king'amuzi na uchomoe plagi kabla ya kugusa konekta yoyote. Volti 18 hazikudhuru wewe, zinadhuru king'amuzi, wavu ukigusa msumari wa kati.

Kumenya: ganda la nje ondoa milimita 15. Wavu ukunje nyuma juu ya ganda, usikate. Plastiki nyeupe ya ndani ondoa, ubakize msumari milimita 8 hivi. Chungulia usiwepo unywele hata mmoja wa wavu unaogusa msumari, hapo ndipo makosa mengi yalipo. Zungusha konekta mpaka plastiki nyeupe ifike usawa wa sakafu ya ndani, msumari utokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo wa nati. Ukizidi, unapanua tundu la LNB. Ukipungua, haugusi, au unagusa siku ya jua na kuachia siku ya baridi.

Kwenye LNB kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Tepu ya umeme peke yake ndiyo iliyokuponza, gundi yake inayeyuka kwa joto na inashika maji ndani. Tafuta ile tepu nyeusi ya mpira inayojishika yenyewe. Ivute mpaka irefuke karibu mara mbili huku ukiizungusha, anza kwenye waya ukipanda kuelekea LNB ili kila mzunguko uufunike wa chini yake. Juu yake ndipo uzungushe tepu ya umeme kuikinga na jua. Ukikosa kabisa, silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inakula shaba.

---

Kaskazi

Na radi ikianza kukaribia, chomoa plagi ya umeme na waya wa dishi vyote viwili. Wengi wanachomoa plagi tu, wakati bomba la juu ya paa ndilo refu kuliko vyote nyumbani.

---

Kipupwe

Na kama nataka dishi na antena vyote, naweza kupitisha kwenye waya mmoja huo mpya?

---

FundiUngo

Inawezekana, kuna vifaa viwili vya kuchanganya, kimoja juu na kimoja chini, kwa sababu UHF iko chini ya megahezi 700 na LNB inashusha za kwake kati ya 950 na 2150. Lakini tayari utakuwa juu ya paa, na kila kiungo cha nje ni mlango mwingine wa maji. Shusha nyaya mbili.